Mstari wa bluu wa Robin Warren

Kisa hiki husimuliwa kuanzia kwenye kikombe. Ni mwaka 1984, daktari kijana wa Australia amechoka kubishana na wakubwa wake. Anachukua bakteria waliooteshwa kutoka tumboni mwa mgonjwa, anawakoroga kwenye mchuzi wa maabara, anakunywa. Anaugua, anapimwa, anajitibu, na miaka 21 baadaye anakwenda Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel. Kisa kitamu, na ni cha kweli. Aliyekunywa ni Barry Marshall.

Mwenzake waliyepokea naye tuzo hiyo kwa kugundua bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo, Robin Warren, alifariki mjini Perth tarehe 23 Julai 2024 akiwa na miaka 87. Nilipowatajia habari hizo wenzangu kazini, mmoja aliuliza, "Ndiye yule aliyekunywa wadudu?" Nikamwambia hapana, ni yule mwingine. Akasema, "Aah," akaendelea na kazi yake.

Hiyo "aah" ndiyo iliyonifanya niandike. Mimi kazi yangu ni maabara: napokea vinyama vilivyokatwa kwa wagonjwa, navigandisha kwenye nta, navikata vipande vyembamba kuliko unywele, navipaka rangi, navipandisha kwenye slaidi ili daktari wa patholojia avisome. Kwa hiyo nina upendeleo, na nautangaza mapema. Kwangu, kisa hiki kilikuwa cha mtu aliyeangalia miaka mitano kabla hakijawa cha mtu aliyekunywa. Na kilichomtokea aliyeangalia ndicho chenye mambo ya kuchambua.

Tumbo lisilo na mdudu

Mwaka 1979, mwanafunzi yeyote wa udaktari angekujibu bila kufikiri: vidonda vya tumbo vinaletwa na asidi. Na asidi inazidi kwa sababu ya mawazo, sigara, pilipili, kurithi, haraka za maisha. Kuhusu bakteria, hakukuwa na mjadala. Tumbo lina asidi kali kiasi kwamba hakuna kinachoweza kuishi humo. Ukikuta kijidudu kwenye kinyama cha tumbo, ujue kimeingia kwa uchafu wa vyombo.

Na haikuwa imani ya kuokota njiani. Mwaka 1954 daktari wa Marekani, Eddy Palmer, alichunguza vinyama 1,180 vya tumbo akitafuta bakteria, asimpate hata mmoja. Kabla yake kulikuwa na watu waliowahi kuripoti vijidudu tumboni, kwa wanyama na kwa binadamu, tangu karne ya 19. Baada ya Palmer ripoti hizo zikawekwa kabatini. Nani angekwenda kuangalia tena kitu ambacho kimeshaangaliwa mara 1,180?

Kisha zikaja dawa. Simetidini iliingia sokoni katika miaka ya 1970, ranitidini ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1980, na zilifanya kazi kweli. Asidi ikishuka, kidonda kinafunga. Tatizo ni kwamba mgonjwa akiacha dawa, kidonda kinarudi, kwa hiyo anaambiwa ameze tena, na tena. Zilikuwa miongoni mwa dawa zilizouzwa kwa wingi kuliko zote duniani, na si vigumu kuelewa kwa nini: mteja alikuwa haponi, na pia alikuwa hafi.

Huku kwetu tuliokuwa mbali na simetidini tulikuwa na toleo letu la imani hiyohiyo. Baba yangu mdogo alikuwa na vidonda vya tumbo tangu nikiwa mdogo. Mfuko wa shati lake haukukosa vidonge vyeupe vya kutafuna, na kona za midomo yake zilikuwa na unga wake muda wote kama mtu aliyekula chaki. Alikatazwa maharage, pilipili, machungwa, chai ya rangi. Shangazi alikuwa akimsagia kabichi na kumkamulia maji yake. Na kila aliyemtembelea alimaliza kwa ushauri uleule: "Punguza mawazo, ndugu yangu." Alikuwa fundi cherehani mpole, mtu wa utani, sijawahi kumwona amekasirika. Lakini kwa kuwa alikuwa na vidonda, ilibidi awe na mawazo. Ikawa hata anapocheka watu wanamwona anaficha jambo.

Tarehe 11 Juni

Robin Warren alizaliwa Adelaide tarehe 11 Juni 1937. Alisomea udaktari huko, akahamia Melbourne kujifunza patholojia, na tangu 1968 alikuwa Royal Perth Hospital, magharibi kabisa ya Australia, mbali na vyuo vikubwa vya dunia. Kazi yake ilikuwa ya kawaida: kusoma slaidi zilizoletwa na kuandika majibu.

Siku anayotimiza miaka 42, tarehe 11 Juni 1979, aliletewa kinyama cha tumbo. Mgonjwa alikuwa na gastraiti, yaani utando wa ndani wa tumbo umevimba na kujaa chembe nyeupe za damu. Hilo halikuwa geni. Geni lilikuwa mstari wa bluu uliotanda juu ya utando huo, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu.

Hapa inabidi nieleze, maana bila hili mtu hawezi kuona ukubwa wa jambo. Rangi tunayotumia kila siku ni mchanganyiko wa mbili: moja hupaka viini vya seli bluu, nyingine hupaka kilichobaki waridi. Slaidi ya tumbo ikipakwa vizuri inapendeza, inafanana na kitenge cha waridi chenye nukta za bluu. Bakteria wa aina hii katika rangi hiyo huwa wamefifia sana, na wanajificha kwenye ute. Ukipita kwa lenzi ndogo, kama tunavyopita wote tukiwa na slaidi hamsini za kumaliza kabla ya saa kumi, unachokiona ni ukungu tu, unaweza kudhani rangi haikusafishwa vizuri. Warren aliona ukungu huo, akabadilisha lenzi akaenda kwenye kubwa kabisa. Akaona vijiti vidogo vilivyopinda, vingi sana.

Aliwaita wenzake waangalie. Hawakuona kitu. Basi akaomba slaidi nyingine ipakwe kwa njia ya Warthin-Starry, ambayo hutumia fedha. Njia hii inasumbua: nitrati ya fedha, maji ya moto, muda wa kuhesabiwa. Ukizidisha kidogo slaidi yote inakuwa nyeusi na unaanza kuona bakteria hata kwenye vumbi. Ikienda sawa, kila kijidudu kinasimama peke yake, cheusi kwenye uwanja wa njano. Ilienda sawa. Sasa hata asiyetaka kuona aliona.

Swali likabadilika. Kama kweli wapo, kwa nini hakuna aliyewaona kabla yako?

Naliona swali hilo kuwa kali kuliko "huo ni uongo". Uongo unakanushwa kwa kuonyesha kitu. Lakini huyu ameshaonyesha, na bado anadaiwa aeleze usingizi wa wenzake. Jibu, tukilitazama leo, lilikuwa la kawaida kabisa. Zamani tumbo lilichunguzwa zaidi kwa maiti, na tumbo la maiti hujimeng'enya lenyewe ndani ya saa chache. Au lilichunguzwa baada ya upasuaji, likiwa limekwisha kuchakachuliwa. Palmer alikuwa na vinyama vya watu walio hai, ila alitegemea rangi ya kawaida, ile inayowaficha. Kufikia miaka ya 1970 kulikuwa na mipira laini yenye kamera ya kushuka tumboni, na daktari aliweza kuchuna kinyama kidogo na kukitia kwenye dawa hapohapo kikiwa kibichi. Vinyama vya namna hiyo vikaanza kumiminika kwenye maabara za dunia nzima. Maana yake mstari ule wa bluu ulikuwa umepita chini ya macho ya maelfu ya watu kama mimi, na kila mmoja aliona ukungu akageuza slaidi.

Kwa miaka miwili Warren aliendelea peke yake. Kila kinyama cha tumbo kilichopita mezani kwake alikitafutia vijiti vile. Akawakuta katika karibu nusu ya vinyama. Na akagundua jambo ambalo Kamati ya Nobel ingekuja kulitaja kuwa kiini cha kazi yake: walipo bakteria, hapohapo utando umevimba. Aliyemtia moyo wakati huo alikuwa mkewe, Win. Win alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Ugonjwa ambao dunia nzima ilisema ni wa mawazo, mume anaangalia sababu yake kwenye hadubini, na mke ambaye kazi yake ndiyo mawazo ya watu anamwambia endelea.

Mgonjwa ana jina, kinyama kina namba

Warren alikuwa amekwama, na hakukwamishwa na ukaidi wa watu peke yake. Daktari wa patholojia haoni mgonjwa. Anapata kichupa chenye namba na mistari miwili ya maelezo. Hajui kama mwenye tumbo lile analala usiku, anatapika, au ana kidonda sentimita tano kutoka pale kinyama kilipochunwa. Zaidi ya hapo, madaktari walichuna vinyama penye ubaya tu, pembeni ya kidonda au penye shaka ya saratani. Warren alihitaji vinyama kutoka sehemu ya chini ya tumbo inayoonekana nzima, kwa watu wa kila aina, kwa utaratibu mmoja. Hakuwa na mamlaka ya kumwambia daktari yeyote achune wapi.

Mwaka 1981 akatokea Barry Marshall, daktari aliyekuwa bado mafunzoni, miaka 29, anatafuta utafiti wa kufanya kwa sababu mafunzo yalidai. Mkubwa wake alimwelekeza kwa Warren, mwenye orodha ya wagonjwa waliokuwa na vijiti vilivyopinda na hakuna aliyewafuatilia. Ni kazi ya kupewa mwanafunzi, isiyogombewa. Marshall alipopitia orodha alimkuta mwanamke aliyewahi kumhudumia: maumivu ya tumbo, kichefuchefu, vipimo vyote safi, hatimaye akapelekwa kwa daktari wa akili na kupewa dawa za sonona. Sasa jina la mama huyo liko kwenye orodha ya Warren, na tumbo lake limejaa bakteria.

Hapo ndipo kinyama kilipopata mwenyewe. Mmoja alikuwa na jicho, mwingine alikuwa na wagonjwa na mdomo. Warren mtu wa taratibu, mkimya, anayetaka kila neno liwe na slaidi yake. Marshall haraka, msemaji, hapoi. Kwa kawaida watu wa namna hizo hawamalizi hata wiki kwenye ofisi moja.

Walikubaliana wachukue wagonjwa 100 mfululizo waliofika kupimwa kwa kamera, bila kuchagua. Kila mmoja achunwe vinyama viwili: kimoja kwa Warren, kingine kioteshwe. Kuotesha kulishindikana, mgonjwa baada ya mgonjwa. Utaratibu wa maabara ulikuwa kutupa sahani baada ya siku mbili kama hakuna kilichoota. Kisha ikafika Pasaka ya 1982. Maabara ilikuwa imezidiwa na kazi nyingine, sahani zikasahaulika kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea, sikukuu yote, na waliporudi wakakuta vidoa vidogo vinavyong'aa. Bakteria hawa ni wavivu, wanataka siku nne au tano. Nawaheshimu sana mafundi wa maabara, ila mara hii waliokoa sayansi kwa kuchelewa kumwaga taka.

Majibu yalipofunguliwa, wagonjwa 58 kati ya 100 walikuwa na bakteria. Wenye vidonda vya mwanzo wa utumbo mwembamba walikuwa 13, na wote 13 walikuwa nao. Waliofanikiwa kuoteshwa walikuwa kutoka kwa wagonjwa 11 tu.

Waliokataa

Mwaka 1983 walipeleka muhtasari wao kwenye mkutano wa chama cha madaktari wa tumbo wa Australia. Kati ya mihtasari 67 iliyopokelewa, 56 ilikubaliwa. Wa kwao haukuwemo.

Hapa wasimuliaji wengi huwageuza wakubwa wale kuwa mafisi. Mimi sioni hivyo. Shaka yao ilikuwa na miguu miwili ya kusimamia. Kwanza, karibu nusu ya binadamu wote wana bakteria huyu tumboni, na wengi wao hawapati kidonda mpaka wanakufa. Kama yeye ndiye mchawi, mbona wengi anawaacha? Pili, kukutwa eneo la tukio si kuua. Inawezekana kabisa tumbo liliumia kwanza kwa sababu nyingine, bakteria wakaja baadaye kama nzi kwenye kidonda. Slaidi za Warren, hata zikiwa elfu, zisingeweza kujibu hoja hiyo ya pili. Slaidi ni picha ya mnato; haikuonyeshi nani alitangulia.

Kilichonikera ni kingine: kwamba walikuwa na njia ya kuhakikisha na hawakuitumia. Kila hospitali kubwa ya dunia ilikuwa na kabati lililojaa vinyama vya tumbo vya zamani. Ingetosha kuvitoa, kuvipaka fedha, kuangalia. Kazi ya siku mbili. Wale waliothubutu, kwanza wataalamu wa vijidudu wa Ulaya ambao hawakuwa na mazoea ya kugombea tumbo, waliwakuta.

Ndipo kikombe kikaja. Marshall alijaribu kuwaambukiza watoto wa nguruwe, ikashindikana. Mwaka 1984 akapimwa kwa kamera kuthibitisha tumbo lake ni safi, akanywa. Baada ya siku chache akaanza kujaa gesi, kutapika asubuhi, na kunuka mdomo. Siku ya kumi akapimwa tena: utando umevimba, bakteria wamejaa. Mkewe alipojua alichofanya alimtaka aanze dawa mara moja. Kwa uchambuzi huu, la muhimu ni kwamba Marshall alipata gastraiti. Kidonda hakupata. Yaani kikombe kilithibitisha kile hasa ambacho Warren alikiona mwaka 1979: bakteria wakiwepo, utando unavimba. Swali la vidonda likabaki wazi.

Na kuna kipande cha kuchekesha. Mwandishi wa gazeti la udaku la Marekani alimpigia Warren simu wakati Perth ni usiku, akamwamsha, akamuuliza ana uhakika gani na mambo yao. Yule mpole, mtu wa kila neno na slaidi yake, akiwa na usingizi akaropoka kwamba Barry ameshajiambukiza mwenyewe na nusura afe. Habari ikatoka gazetini kabla haijatoka kwenye jarida la kitabibu. Alitia chumvi, maana Marshall hakukaribia kufa. Lakini ndiyo mara pekee ninayoijua ambapo Warren alisema zaidi ya alichokiona.

Jibu la vidonda lilikuja 1988, kwenye jarida la Lancet, na nalihesabu kuwa kurasa nzito kuliko kikombe. Wagonjwa 100 wenye vidonda na bakteria waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine dawa ya kupunguza asidi, wengine bismathi, dawa ya tumbo ya zamani, na nusu wakaongezewa antibiotiki. Ambao bakteria walibaki, vidonda vilirudi kwa asilimia 84 ndani ya mwaka. Ambao bakteria waliondoka, vilirudi kwa asilimia 21. Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa ni muda. Mwaka 1994 taasisi za afya za Marekani zilikutanisha wataalamu wakatamka kwamba mwenye vidonda na bakteria huyu apewe antibiotiki. Mwaka huohuo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likamweka *Helicobacter pylori*, jina alilopewa 1989, kwenye orodha ya visababishi vya saratani.

Kutoka mstari wa bluu hadi tamko, miaka 15.

Daktari wa Missolonghi

Ili kupima kisa cha Warren lazima kiwekwe kando ya kingine ambacho hakikuwa na rafiki.

Katika mji wa Missolonghi, Ugiriki, kulikuwa na daktari wa kawaida aitwaye John Lykoudis. Mwaka 1958 aligundua, kuanzia kwa tumbo lake mwenyewe, kwamba antibiotiki zinatuliza vidonda. Akatengeneza mchanganyiko wake, akauita Elgaco, akautolea hataza, na akatibu maelfu ya watu waliokuwa wakisafiri kumfuata. Jarida la chama cha madaktari wa Marekani liliikataa makala yake. Mwaka 1968 kamati ya nidhamu ya madaktari wa kwao ikamtoza faini ya drakma 4,000. Alifariki 1980. Wakati huo Warren alikuwa na mwaka mmoja tu wa kutazama vijiti vyake, upande wa pili wa dunia, na hawakujuana.

Lykoudis alikuwa sahihi miaka 20 kabla. Wagonjwa wake walipona, jina analo, ujasiri anao. Alichokosa ni slaidi. Hakuwa na mtu wa hadubini wa kumwambia anaua nini, na dawa yake ilikuwa mchanganyiko wake binafsi, kwa hiyo aliyetaka kumpinga au kumuunga mkono hakuwa na pa kushika. Alikuwa Marshall asiye na Warren. Na Warren kati ya 1979 na 1981 alikuwa Lykoudis asiye na wagonjwa.

Siwezi kuliweka wazi zaidi ya hapo. Ndiyo maana naona kosa kumwita Warren "yule mwingine". Kikombe bila slaidi kingekuwa kituko cha gazeti la udaku, na Marshall angebaki daktari aliyejilisha uchafu.

Baba mdogo alipimwa kwa kamera akiwa na zaidi ya miaka sitini, akakutwa na bakteria hao, akapewa dozi ya dawa tatu. Alilalamika mdomo kuwa mchungu kama amelamba sarafu, akamaliza dozi, na leo anakula maharage. Siku hizi duka la tatu kutoka kwake wanapima kwa tone la damu na kuuza antibiotiki dirisha hilohilo. Kipimo hicho cha damu kinasoma kumbukumbu ya mwili, na kumbukumbu hiyo hukaa muda mrefu hata bakteria wakishaondoka, kwa hiyo kuna majirani zake ambao wamemeza dozi mara tatu kumfukuza mgeni aliyekwisha kuondoka. Kipimo cha choo au cha pumzi ndicho kinachojua kama bado yumo. Na kuna ambao vidonda vyao vimeletwa na diklofenaki wanazomeza kwa ajili ya magoti, hao hata bakteria akitoka wataendelea kuumia. Zamani kila tumbo lilikuwa mawazo. Sasa kila tumbo ni pailori, yaani bakteria huyu. Warren, aliyetaka kinyama kabla ya neno, nadhani angeguna.

Barua mbili

Tarehe 4 Juni 1983, Lancet ilichapa chini ya kichwa kimoja barua mbili zilizofuatana. Ya kwanza imesainiwa na Warren peke yake. Ya pili na Marshall peke yake. Walikuwa wanafanya kazi pamoja kwa karibu miaka miwili, kwa nini wasiandike moja?

Kwa sababu Warren hakutaka. Aliyoyaona kabla Marshall hajafika alitaka ayaeleze mwenyewe, kwa jina lake. Kuna watakaoona ni uchoyo. Mimi naona ni mtu aliyefanya kazi miaka miwili bila shahidi, akijua fika kwamba mwenzake ana sauti kubwa kuliko yake. Marshall naye hakugomba. Akaandika yake, ikawekwa chini. Mwaka uliofuata makala ya wale wagonjwa 100 ilitoka na majina yao wote wawili, la Marshall likitangulia. Oktoba 2005 simu ya Stockholm ilipopigwa iliwakuta wako pamoja Perth, wamekaa kando ya mto Swan na familia zao. Urafiki uliopitia mazungumzo ya jina la nani litangulie na bado unakaa meza moja ni mgumu kupatikana, kwenye sayansi au kwenye ukoo.

Barua ya Warren ni fupi. Kichwa chake kinataja bakteria waliopinda wasiojulikana kwenye utando wa tumbo lenye gastraiti. Kwenye kichwa hicho neno vidonda halimo. Anaeleza wanakaa wapi, wanafananaje, na utando unakuwaje walipo. Kisha anaeleza jinsi ya kuwapata: kwa rangi ya kawaida hawaonekani vizuri, kwa fedha wanaonekana. Maelekezo ya maabara, kama yale tunayobandika ukutani juu ya sinki. Yeyote aliyekuwa na kichupa cha nitrati ya fedha na slaidi ya tumbo angeweza kuangalia kesho yake asubuhi.